Tarakilishi nazo zifanyiwe mtihani

KILA mwalimu aliyewahi kusahihisha mtihani wa hisabati anamfahamu mtahiniwa wa aina hii. Jibu lake la mwisho ni sahihi, na amelipigia mistari miwili chini yake. Hata hivyo, ukirudi nyuma kuifuata hesabu yake hatua kwa hatua, unagundua kwamba alijumlisha mahali alipopasa kutoa, kisha mbele kidogo akakosea tena kwa kiasi kile kile upande wa pili. Makosa mawili yakafutana, jibu likapatikana. Mwalimu mwenye haraka humpa alama zote. Mwalimu aijuaye kazi yake humnyima alama za njia, kwani anatambua kwamba namba za swali zikibadilishwa kesho, bahati hiyo haitamrudia.

Nimemkumbuka mtahiniwa huyo kwa sababu upo mtihani mwingine ambao matokeo yake yameanza kuamua mambo makubwa katika nchi yetu, ilhali wengi wetu hatujui unasahihishwa na nani. Huo ni mtihani wa vielelezo vya tarakilishi, au modeli kama wataalamu wanavyoviita, vinavyokadiria kiasi cha hewa ya ukaa kinachovutwa na misitu, nyasi, mashamba na udongo, na kiasi kinachorudishwa angani. Rai yangu ni kwamba vielelezo hivi ni vya lazima, na anayevikataa kabisa anajipofusha mwenyewe. Lakini hatuna budi kuvitahini kwa ukali ule ule tunaowatahini wanafunzi wetu, na kuvitahini hapa, juu ya ardhi yetu, kabla ya kuvikubali viwe mizani ya mali ya watu.

Daftari lisilosomeka

Huenda msomaji akauliza: mambo haya ya wataalamu na mitambo yao yanamhusu nini mfugaji wa Samburu au mwanafunzi wa Kitui? Yanamhusu sana. Mwaka 2023 Bunge letu liliifanyia marekebisho Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016, likaweka masharti ya biashara ya hewa ya ukaa. Katika miradi inayotegemea ardhi ya umma au ya jamii, wenyeji wanapaswa kupata angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya kuondolewa gharama za uendeshaji. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini asilimia 40 ya nini? Ni ya mauzo ya tani za hewa ya ukaa. Na tani hizo hupimwaje? Hakuna aliyewahi kuzitia ndani ya gunia akaziweka juu ya mizani.

Mti waweza kuupima unene kwa utepe. Kaboni iliyozama katika udongo wa malisho mapana haipimiki pembe kwa pembe. Huchukuliwa sampuli chache za udongo, kisha hesabu za kielelezo zikakadiria yaliyobaki. Kwa hiyo, mzee anayetia kidole gumba juu ya mkataba wa namna hiyo, kwa hakika anakitia juu ya makadirio ambayo hajayaona wala hajaelezwa yalivyofikiwa. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, ila limeandikwa kwa lugha asiyoweza kuisoma mwenye mali.

Isitoshe, mnamo Desemba 2022 serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Ni miti gani ipandwe, na ipandwe wapi? Je, nyanda za nyasi zikigeuzwa kuwa misitu, udongo wake utaongeza kaboni au utaipoteza? Maswali kama hayo hayajibiwi kwa hotuba. Yanataka vipimo, na pale vipimo vinapokoma yanataka vielelezo vya kuaminika.

Duka lenye faida ndogo

Ili tuuelewe ugumu wa kazi hii, na tuifikirie dunia kama duka kubwa. Mimea ya nchi kavu huvuta hewa ya ukaa kwa njia ya usanisinuru, somo ambalo kila mwanafunzi wa biolojia amelipitia. Kwa muda mrefu wataalamu wamekadiria kwamba kaboni inayovutwa hivyo ni kama tani bilioni 120 kila mwaka, na baadhi ya makadirio ya karibuni yanapita hapo. Hayo ndiyo mauzo ya duka. Kisha yapo matumizi. Mimea yenyewe hupumua, vijiumbe vya udongoni huozesha majani na mizizi, na moto hula nyasi kavu. Karibu kaboni yote iliyovutwa hurudi ilikotoka. Tukiacha kando ukataji wa misitu unaofanywa na binadamu, faida inayobaki ni kama tani bilioni 3 tu.

Mwenye duka yeyote ataiona hatari papo hapo. Ukikosea mauzo kwa asilimia 3 tu, faida yako yote imeyeyuka, au imeongezeka maradufu bila wewe kuuza hata kibiriti. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kaboni ya ardhi. Tunatafuta tofauti ndogo kati ya namba mbili kubwa, na kila moja ya namba hizo haijulikani barabara.

Na faida hiyo ndogo si ya kudharauliwa. Ni takriban asilimia 30 ya kaboni yote ambayo binadamu huitoa kila mwaka kwa viwanda, magari na ufyekaji wa misitu. Charles David Keeling alipoanza kuipima hewa juu ya mlima Mauna Loa, kisiwani Hawaii, mwaka 1958, alikuta sehemu kama 315 za hewa ya ukaa katika kila sehemu milioni moja za hewa. Wastani wa mwaka 2024 ulikuwa kama 424. Kama ardhi na bahari zisingekuwa zikitubebea karibu nusu ya mzigo, namba hiyo ingekuwa kubwa zaidi. Swali linalowakosesha usingizi wataalamu ni hili: je, ardhi itaendelea kutubebea mzigo huo dunia ikizidi kupata joto, au siku moja itautua na kuturudishia?

Swali hilo halina jibu katika vipimo peke yake, kwani hakuna chombo kinachopima mwaka 2080. Ndipo vielelezo vinapohitajika. Kielelezo ni msururu wa milinganyo inayoelezwa tarakilishi: jua likiwa kiasi hiki, na mvua na joto kiasi hiki, jani litavuta kiasi gani, mzizi utatumia kiasi gani, na udongo utatoa kiasi gani. Tarakilishi huikokotoa milinganyo hiyo kwa kila kipande cha dunia, saa baada ya saa, hadi karne ipite.

Watahiniwa 11, majibu 11

Mwaka 2000, Peter Cox na wenzake wa kituo cha Hadley nchini Uingereza walichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyoushtua ulimwengu. Kielelezo chao kilionyesha kwamba kufikia katikati ya karne hii ardhi itaacha kuvuta kaboni na kuanza kuitoa, na kwamba sehemu kubwa ya msitu wa Amazon itakauka. Wengine nao wakaunda vielelezo vyao. Mnamo 2006, Pierre Friedlingstein na wenzake walivikusanya vielelezo 11 na kuvipa swali moja. Vyote vilikubaliana kwamba joto litaipunguza nguvu ya ardhi na bahari ya kuvuta kaboni. Lakini vilipoulizwa jambo hilo litaongeza kiasi gani cha hewa ya ukaa angani kufikia mwaka 2100, kimoja kilisema sehemu 20 kwa milioni na kingine kikasema 200. Tofauti ya mara kumi!

Fikiria mwalimu aliyewapa wanafunzi 11 swali moja akapata majibu yaliyotawanyika namna hiyo. Hawezi kuchukua wastani wa majibu yao na kuuita ukweli. Ataka kujua nani ameelewa na nani anabahatisha. Ndiyo sababu fani ya kuvitahini vielelezo ikazaliwa na kukua.

Chombo kikuu cha mtihani huo ni mnara. Husimamishwa katikati ya msitu au mbuga, ukapita urefu wa miti. Juu yake hufungwa kifaa kinachopima mwendo wa upepo kwenda juu, chini na kando, pamoja na kingine kinachopima hewa ya ukaa, vyote vikipima mara 10 au 20 kwa kila sekunde. Upepo ushukao ukiwa na hewa ya ukaa nyingi kuliko upandao, msitu unavuta. Ikiwa kinyume chake, msitu unatoa. Kwa njia hii twaweza kuusikia msitu ukipumua mchana na usiku, masika na kiangazi, kisha tukalinganisha na yale yaliyosemwa na tarakilishi.

Matokeo yamekuwa ya kufundisha unyenyekevu. Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya kulinganisha vielelezo 22 na vipimo vya vituo 44 vya Amerika Kaskazini. Kwa wastani, tofauti kati ya vielelezo na vipimo ilikuwa kama mara kumi ya kosa linalotarajiwa katika vipimo vyenyewe. Ulinganisho mwingine wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika misitu inayopukutisha majani, miti ya tarakilishi huchanua mapema mno na kuchelewa kupukutika, aghalabu kwa wiki mbili au zaidi. Na huko Brazil, katika msitu wa Tapajós, vipimo vilivyochapishwa mwaka 2003 vilipindua fikira za wengi. Vielelezo vilikuwa vimesema kwamba msitu huvuta kaboni wakati wa mvua na kuitoa wakati wa kiangazi. Mnara ukaonyesha kinyume kabisa. Miti ile ina mizizi mirefu inayofikia maji ya chini, hivyo wakati wa kiangazi mawingu yakipungua yenyewe hushangilia jua, ilhali majani yaliyoanguka juu ya udongo mkavu huchelewa kuoza. Kielelezo chenye mizizi mifupi hakingeweza kuyajua hayo.

Mitego ya msahihishaji

Hata hivyo, kuwa na vipimo hakutoshi. Mtihani wenyewe una mitego yake, na hapa walimu wenzangu wataona mambo wanayoyafahamu.

Mtego wa kwanza ni karatasi iliyovuja. Mtunzi wa kielelezo huwa na namba kadhaa anazoweza kuzirekebisha, kwa mfano kasi ya kuoza kwa majani. Huzirekebisha mpaka kielelezo kilingane na vipimo vya kituo fulani. Hadi hapo hakuna ubaya. Ubaya huja anapotangaza kwamba kielelezo chake kimefaulu, huku akikipima kwa vipimo vile vile alivyokifundishia. Huyo ni mtahiniwa aliyeiona karatasi usiku wa kuamkia mtihani. Nchi hii inajua fika madhara ya mitihani iliyovuja; hatuhitaji kusimuliwa. Kielelezo sharti kipimwe kwa miaka na mahali ambapo hakijawahi kupaona.

Mtego wa pili ni ule wa yule mtahiniwa wa aya ya kwanza. Kielelezo chaweza kukisia kwamba mimea inavuta mno, na papo hapo kikakisia kwamba udongo unatoa mno, kisha tofauti ikalingana na mnara sawasawa. Siku ukame utakapokuja na kuugusa upande mmoja kuliko mwingine, kitaumbuka. Kwa hiyo jibu la mwisho lisisahihishwe peke yake. Ni lazima pia yaangaliwe majani, maji yanayopotea kama mvuke, kaboni ya udongoni, na jinsi mambo hayo yanavyobadilika pamoja. Wapo wataalamu wa mataifa mbalimbali ambao wameunda mtambo wa kukitolea kila kielelezo ripoti ya masomo yote, mithili ya ripoti ya muhula anayopelekewa mzazi. Mtambo huo, unaojulikana kwa jina la ILAMB, umeonyesha kwamba kielelezo kinachoongoza katika somo moja chaweza kuburuta mkia katika jingine.

Mtego wa tatu ni kuridhika na alama ndogo. Mwaka 2015 watafiti walivichukua vielelezo 13 na kuvishindanisha na hesabu rahisi mno, katika vituo 20. Walikuwa wakikadiria joto na mvuke unaotoka ardhini, mambo ambayo ni ndugu wa karibu wa kaboni. Katika kukadiria joto, mstari mnyoofu uliochorwa kwa kutumia mwangaza wa jua pekee ulivishinda vielelezo vyote. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Watunzi walikuwa wamesifiana kwa muda mrefu kwa kulinganisha kielelezo na kielelezo, bila kuuliza swali la mwalimu: kwa habari zote ulizopewa, ulistahili kupata alama ngapi?

Mtego wa nne ni kumwamini shahidi bila kumhoji. Mnara nao hukosea. Usiku hewa ikitulia, hewa ya ukaa huteremka bondeni kimya kimya bila kupita mbele ya chombo. Aidha, vipimo vya minara mingi vimewahi kuonyesha upungufu wa kama asilimia 20 kati ya nguvu ya jua inayoingia na joto na mvuke unaohesabiwa kutoka. Kwa hiyo kielelezo kikitofautiana na mnara, si haki kukihukumu kabla ya kumwuliza shahidi alikuwa wapi usiku ule.

Somo la Muguga

Sasa turudi nyumbani. Kila mkulima wa Afrika Mashariki anaijua ile harufu ya udongo mvua ya kwanza inaponyesha baada ya kiangazi kirefu. Katika miaka ya 1950, mtafiti wa udongo aliyeitwa H. F. Birch alikuwa akifanya kazi Muguga, si mbali na Nairobi, katika shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki. Mnamo 1958 alichapisha utafiti kuhusu udongo uliokaushwa na kisha kuloweshwa. Alionyesha kwamba maji yakiugusa udongo mkavu, vijiumbe huamka kwa kishindo, hewa ya ukaa hutoka kwa wingi kwa siku chache, na nitrojeni hufunguka. Kisha kasi hiyo hupungua. Udongo ukikauka tena na kuloweshwa tena, kishindo kingine hutokea. Hii ni mojawapo ya sababu za ule ushauri wa maafisa wa kilimo kwamba tupande mapema, ili mmea uikute nitrojeni hiyo kabla haijapotea.

Jambo hilo linaitwa hadi leo athari ya Birch, na hutajwa na watafiti wa udongo kote duniani. Ajabu ni kwamba vielelezo vingi vya kimataifa vimelala juu ya dhana kwamba udongo ukiongezewa unyevu utatoa hewa ya ukaa zaidi kwa utaratibu, kama gari linaloongezwa mafuta polepole. Mlipuko wa siku chache, ambao katika nchi kame waweza kuwa sehemu kubwa ya hesabu ya msimu, hupotea katika wastani. Yaliyogunduliwa umbali mfupi kutoka Nairobi zaidi ya miaka 60 iliyopita hayajapewa nafasi yanayostahili katika hesabu zinazotumiwa kuihukumu ardhi yetu.

Kwa nini iwe hivyo? Sababu mojawapo ni kwamba mtoto hufanana na nyumba aliyolelewa. Vielelezo vingi vililelewa na vipimo vya Ulaya na Amerika Kaskazini. Katika mkusanyo mkuu wa vipimo vya minara uitwao FLUXNET2015, vipo vituo 212 kutoka pande zote za dunia. Vya Afrika havifiki hata 10: wamo Sudan, Senegal, Ghana, Zambia, Kongo ya Brazzaville na Afrika Kusini. Kenya haimo. Mbuga zetu zenye nyasi na miti iliyotawanyika, mvua mbili kwa mwaka, mchwa, moto na makundi ya ng'ombe na pundamilia zinakadiriwa kwa kanuni zilizokomaa katika misitu yenye theluji.

Na hatari ya kuazima majibu ya wengine si ya kubuni. Mwaka 2020 kundi kubwa la watafiti, wakiwemo Waafrika wengi, lilitoa katika jarida la Nature matokeo ya kupima miti kwa utepe katika viwanja 244 vya misitu asilia ya nchi 11 za Afrika. Walikuta kwamba kwa miongo mitatu hadi 2015 kila hekta ya misitu hiyo iliongeza kama tani 0.66 za kaboni kwa mwaka bila kutetereka, ilhali uwezo wa Amazon ulikuwa umeanza kupungua tangu miaka ya 1990. Anayeihukumu Afrika kwa kuitazama Amazon angekosea.

Dalili njema zipo. Huko Yangambi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mnara wenye urefu wa mita 55 ulianza kazi mwaka 2020. Kapiti, katika Kaunti ya Machakos, pana kituo cha utafiti wa mifugo chenye vipimo vya namna hii juu ya malisho. Lakini mnara mmoja hapa na mmoja kule hautoshi kwa nchi yenye pwani, jangwa, mikoko, milima na maziwa.

Wanaopinga na majibu yao

Najua wapo watakaosema: ikiwa vielelezo vinakosea hivi, basi vitupwe, na habari za joto la dunia ni porojo. Hao wameshika mkia wa hoja. Kwamba joto linaongezeka na kwamba hewa ya ukaa ndiyo sababu hakutegemei vielelezo vya majani na mizizi. Na kosa likipatikana kwa kupimwa, hiyo ni dalili kwamba elimu ina afya. Peter Cox mwenyewe, aliyetuonya kuhusu Amazon mwaka 2000, alirejea pamoja na wenzake mwaka 2013 wakatumia vipimo vya kupanda na kushuka kwa hewa ya ukaa mwaka hadi mwaka ili kuvipima vielelezo, wakahitimisha kwamba hatari ya msitu huo kupoteza kaboni kwa sababu ya joto ilikuwa ndogo kuliko walivyodhani. Hakuona haya kuisahihisha kazi yake mbele ya watu. Wangapi kati yetu, walimu kwa wanasiasa, tunathubutu hivyo?

Wapo pia watakaosema kwamba minara ni ghali na nchi ina njaa na madeni. Ni kweli minara ni ghali. Lakini tukisaini mikataba ya miaka 30 kwa makadirio yasiyopimwa, gharama yake haitaonekana leo. Italipwa na watoto tunaowafundisha. Ikiwa tani zimekadiriwa kupita kiasi, mnunuzi atakuja kudai. Zikiwa zimekadiriwa chini, tumeuza ng'ombe kwa bei ya mbuzi. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Na anayeuza, anayenunua na anayekadiria wakiwa watu wamoja, tusitarajie ngozi ivutwe upande wetu.

Tufanye nini?

Kwanza, napendekeza kwamba mradi wowote wa kuuza kaboni ya ardhi ulazimishwe kuweka hadharani kielelezo ulichokitumia, vipimo vilivyokifundisha, na vipimo tofauti vilivyokitahini hapa nchini. Maelezo hayo yaandikwe kwa Kiswahili chepesi na kusomwa barazani kabla ya sahihi kutiwa. Msahihishaji naye asiwe mwajiriwa wa mwenye mradi.

Pili, sehemu ndogo ya mapato ya biashara hiyo itengwe kwa ajili ya vituo vya vipimo chini ya vyuo vikuu vyetu, na vipimo hivyo viwe wazi kwa mwanafunzi yeyote anayetaka kuvitumia. Vijana wetu wa shahada za uzamili wana uwezo wa kuunda vielelezo vyenye mvua mbili kwa mwaka, vyenye moto na malisho, vyenye ile athari ya Muguga. Wanachokosa ni takwimu za kwao.

Tatu, tuanze darasani, kwani hapo hakuhitajiki mnara. Chukua udongo wa shamba la shule, ukaushe juani kwa siku kadhaa. Weka kiasi sawa katika mitungi miwili ya kioo, mmoja udongo mkavu na mwingine udongo uliokuwa ukitunzwa na unyevu. Wa tatu uache bila udongo. Katika kila mtungi weka kikombe kidogo cha maji ya chokaa, nyunyizia maji udongo mkavu, kisha funga. Lakini kabla ya kufunga, kila mwanafunzi aandike katika daftari lake ni mtungi upi utakaofanya maji ya chokaa kuwa meupe kwanza, na kwa nini. Asiruhusiwe kufuta. Yale aliyoyaandika ndiyo kielelezo chake, na mitungi ndiyo mtihani. Yule aliyekosea na kueleza vizuri alipokosea apewe alama nyingi kuliko aliyepatia kwa kubahatisha.

Mwanafunzi aliyelelewa hivyo hatababaishwa na picha za rangi zilizotoka katika tarakilishi. Siku moja ataketi katika baraza la wazee wake mkataba ukisomwa, naye atainua mkono na kuuliza kwa adabu: namba hizi zilipimwa wapi, na nani aliyezisahihisha? Nawaomba walimu wenzangu tusimwache aketi pale bila swali hilo.